Ruta Haijui Bamvua

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini yetu, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ilikuwa tayari imekatika upande wa kaskazini, kwenye Bahari ya Shamu, tangu Februari mwaka huo huo. Jumatatu Kariakoo ikaamka na simu zenye mtandao kamili juu ya kioo na hakuna kinachofunguka. Wafanyabiashara wa Mtaa wa Agrey walishindwa kupata picha za mizigo kutoka Guangzhou, na watu wa bandari walikaa mbele ya kompyuta wakitazama kiduara kinazunguka.

Maneno mitaani yalikuwa mamoja: mkongo umekatika, tusubiri meli ya matengenezo. Lakini simu niliyopigiwa Jumatatu ile ilikuja na swali jingine. Wakala mmoja wa forodha mwenye ofisi Sokoine Drive alishindwa kufungua mafaili yaliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi yake ya pili, Gerezani. Kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu. Kwa nini kukatika kwa waya huko baharini, karibu na Afrika Kusini, kuzuie hati ya kontena isitoke Gerezani kufika Sokoine Drive?

Jibu lilikuwa ndani ya ruta zake mbili. Kila ofisi ilikuwa na mtoa huduma wake, na siku ruta zilipofungwa ziliambiwa jambo moja tu: kila usichokijua, mpelekee mtoa huduma. Ofisi hizo zilikuwa zinakutana kwenye seva iliyopangishwa Ulaya. Miaka yote hati ya Gerezani ilikuwa inasafiri hadi Ulaya na kurudi, na hakuna aliyejua kwa sababu ilikuwa inafika.

Nimefanya kazi ya ruta katika jiji hili tangu zama za madishi ya setilaiti, na tukio hilo lilinirudishia mambo mengi niliyodhani yamekwisha kazi. Yote yanahusu siku ya kwanza ya ruta: muda ule mfupi ambao fundi anakaa na kebo ya konsoli, kabla mtambo haujabeba hata baiti moja ya mteja, akiamua ruta imsikilize nani, imwamini kwa kiasi gani, na imwambie nini. Siku hiyo hupewa haraka sana hapa kwetu. Mteja amesimama mlangoni, bosi anapiga simu, na fundi anabandika mipangilio aliyoinakili kazi iliyopita.

Ruta mpya ikitoka kwenye boksi inajua mitandao iliyochomekwa kwenye poti zake tu, basi. Ni kama mbeba mizigo aliyeshuka leo Kariakoo akitokea mkoani: mtaa aliosimama anauona, Narung'ombe na Likoma lazima aelekezwe. Fundi anaweza kumwandikia kila njia kwa mkono, na njia hizo hazibadiliki hata daraja likivunjika. Au anaweza kuiwekea ruta itifaki ya uelekezaji, ili ruta na majirani zake zipashane habari zenyewe na kuhesabu upya kila hali inapobadilika. Ndani ya mtandao wa kampuni moja wengi wetu tunatumia OSPF. Baina ya kampuni na kampuni, dunia nzima inatumia BGP, itifaki ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora kwenye karatasi za kufutia mikono mezani, katika mkutano wa Austin, Texas, Januari 1989.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kijana wa kubeba ngazi katika kampuni moja ya intaneti maeneo ya Posta. Mapaa ya Samora na Azikiwe yalikuwa yamejaa madishi. Aliyenifundisha alikuwa mtu mzima aliyetokea kwenye simu za mezani, mtu wa kaunta buku na penseli, ambaye hakugusa kibodi kabla hajachora. Siku moja mteja wetu wa Samora alilalamika kwamba mawasiliano yake na duka la nduguye Msimbazi ni mazito kuliko mawasiliano yake na London. Mimi nilikuwa tayari kupanda kwenye dishi. Mzee akanizuia.

"Kijana, chora kwanza. Pakiti inatoka hapa inapita wapi?"

Tukachora. Duka la Msimbazi lilihudumiwa na mshindani wetu. Setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na ishara kupanda na kushuka mara moja hula karibu robo sekunde. Pakiti ya Samora ilipanda kwenye dishi letu, ikashuka ng'ambo, ikatambaa kwa waya hadi kituo cha mshindani, ikapanda tena angani, ndipo ikashuka Kariakoo. Jibu nalo likapita huko huko. Ilikuwa zaidi ya nusu sekunde kwenda na nusu sekunde kurudi, na kipimo chote hicho cha data kililipiwa kwa dola, mara mbili, na ndugu wawili walioachana kwa mitaa michache. Mchoro ule ulijaza ukurasa mzima. Mzee alizungushia Posta na Msimbazi kwa penseli, akaniuliza kama naona tatizo liko wapi. Dishi lilikuwa zima. Ruta ilikuwa nzima. Ilikuwa inafuata barabara ambazo wenye kampuni walikuwa wamekubaliana kuwa nazo, na baina ya kampuni mbili za Dar es Salaam hapakuwa na barabara.

Jirani zetu Nairobi walikuwa wameshaliona hilo na kulipigania. Kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilianza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa iliyokuwa na haki ya peke yake, kikafunguliwa tena Februari 2002. Hapa kwetu watoa huduma, kupitia chama chao cha TISPA, walianzisha TIX kati ya 2003 na 2004. Mtu asiye wa fani akiingia chumba cha namna hiyo anaweza kuuliza kiko wapi kituo chenyewe, maana ni swichi na ruta kwenye rafu, nyaya, na kiyoyozi kinachovuma. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni makubaliano. Watu waliokuwa wakinyang'anyana wateja kwa bei walitakiwa kuruhusu ruta zao ziambiane: mitandao hii ni yangu, iliyo yangu nipe hapa hapa, usiipeleke Ulaya.

Ni katika kipindi hicho nilipoanza kuelewa BGP kama kazi ya kuaminiana kwa masharti. Kila kampuni inakuwa na namba yake ya mtandao unaojitegemea. Ruta mbili zinafungua mazungumzo kwenye poti ya 179, kila moja inataja mitandao inayoweza kuifikia, na mwenzake anaamini. Ndivyo itifaki ilivyoumbwa. Yenyewe haina njia ya kujua kama jirani anasema kweli. Tarehe 24 Februari 2008 shirika la simu la Pakistan lilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake. Likaandika njia bandia kwa ajili ya wateja wake, njia ile ikavuja kwa mtoa huduma wake wa nje, naye akaitangazia dunia. Kwa kuwa tangazo hilo lilitaja fungu dogo zaidi la anwani kuliko lile lililotangazwa na YouTube wenyewe, na ruta siku zote hufuata maelezo yaliyo mahususi zaidi, watazamaji wa mabara yote walijikuta wakipelekwa Pakistan kwenye shimo kwa takriban saa mbili. Chujio moja kwa yule mtoa huduma wa nje, lililoandikwa siku ya kwanza, lingetosha kulizuia tangazo lile.

Mwaka 2011 mkutano wa AfNOG, mafundi wa mitandao wa Afrika, ulipokuja Dar es Salaam, nilifurahi kuona vijana wetu wakifundishwa kwa mpangilio huo huo: andika kwanza orodha ya utakachokubali na utakachotangaza, kisha ndipo umwamshe jirani. Nimeushikilia mpangilio huo hadi leo. Kwenye BGP jirani akiamka kabla ya chujio, dakika hizo chache zinatosha kumwaga makosa yako kwa watu usiowajua.

Kariakoo ilinifunza mengine, madogo kwa sura. Kulikuwa na mwagizaji mmoja wa vyombo vya umeme mwenye maduka kadhaa: Agrey, Likoma, ghala Gerezani, na baadaye Chang'ombe. Fundi aliyefunga ruta zake alisanidi ya kwanza vizuri, akainakili kwa zote zilizofuata, akibadilisha anwani za poti na kuacha kitambulisho cha ruta kilivyo. Katika OSPF kila ruta ina kitambulisho kinachoandikwa mfano wa anwani ya IP, na ramani yote ya mtandao hujengwa juu yake. Ruta mbili za maduka tofauti zikawa zinajiita jina moja. Hazikuwa jirani wa moja kwa moja, kwa hiyo hapakutokea kosa la wazi. Kila moja ilikuwa inafuta taarifa za mwenzake na kuandika zake, na ghala likawa linaonekana na kupotea siku nzima. Muuza duka wa Likoma alikuwa anawasha na kuzima ruta akidhani ni umeme. Tangu hapo kila ruta ninayoifunga huwa naipa kwanza anwani ya ndani isiyotegemea poti wala kebo yoyote, inayoandikwa kwenye daftari na kwenye kibandiko juu ya boksi lenyewe, na kitambulisho kinatoka hapo. Kazi ya dakika mbili.

Kwenye jengo hilo la Agrey kulikuwa na swichi moja iliyotumiwa na wapangaji wa ghorofa ya chini pia. Mchana mmoja fundi wa kampuni nyingine alichomeka hapo ruta yake aliyokuwa akiijaribu, nayo ikiwa na OSPF imewashwa. Ruta zikasalimiana. Ruta ngeni ikatangaza kwamba njia ya kwenda duniani inapitia kwake, maduka yote yakaamini, na mauzo yakasimama mchana wa Jumamosi, saa ambazo Kariakoo haina pa kukanyaga. Yule kijana wa watu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ulinzi wa jambo hilo ni mistari miwili: kunyamazisha salamu kwenye poti zote zinazoelekea kwa watumiaji, ili mtandao wa duka utangazwe lakini ruta isimsalimie yeyote upande huo, na kuweka nenosiri kwenye poti chache ambazo kweli kuna jirani tunayemtarajia. Vitabu vingi huiweka mistari hiyo mwishoni, kwenye sura ya usalama ambayo mwanafunzi huifikia amechoka. Mimi huiandika kabla sijaiwasha itifaki yenyewe, na wanafunzi wangu wananijua kwa hilo.

Sasa nifike Kigamboni, ambako nitakaa kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa na mtu ambaye hajawahi kuishika ruta.

Kampuni moja yenye yadi Kigamboni na ofisi Kivukoni ilikuwa imefunga redio ya kuvusha mawasiliano juu ya mlango wa bandari, pale pantoni inapopita. Ilikuwa kabla Daraja la Kigamboni halijafunguliwa Aprili 2016, na kuzungusha waya kwa nchi kavu kulikuwa gharama kubwa. Umbali wa maji ni mfupi, antena zilionana waziwazi. Pembeni palikuwa na njia ya akiba, laini nyembamba ya kampuni ya simu. Ruta mbili, OSPF, eneo sifuri, vipima muda vya kawaida: salamu kila sekunde 10, na jirani akikaa kimya sekunde 40 anahesabiwa amekufa. Wafungaji walijaribu kwa wiki nzima, kila kitu kikawa safi, wakakabidhi kazi.

Wiki iliyofuata malalamiko yakaanza. Alasiri mtandao unakuwa mzito, unakatika, unarudi. Nilipoitwa, watu walikuwa wameshabadilisha kebo, wamelaumu umeme, wamelaumu pantoni na meli kubwa zinazoingia. Nikafungua kumbukumbu za ruta. Mara nyingine jirani alipotea na kurudi. Lakini kilichonishangaza ni vipindi ambavyo watumiaji wanalia na ruta inasema jirani yuko hai. Redio ilikuwa inaangusha pakiti nyingi mno, ila ndani ya kila sekunde 40 salamu moja ilipenya, na salamu moja inatosha. Kwa ruta, mwenzake alikuwa mzima wa afya. Njia ya akiba ikabaki imelala pembeni, haijaguswa.

Nikaziandika saa za matatizo kwenye karatasi. Siku ya kwanza saa tisa na dakika arobaini alasiri. Kesho yake saa kumi na nusu. Keshokutwa saa kumi na moja na robo. Mwenye kampuni alihisi kuna mtu anawafanyia makusudi, na kwamba mtu huyo anachelewa kidogo kila siku.

Karatasi ile nilikuwa nayo mkononi nikisubiri pantoni Feri. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mvuvi wa makamo, anatengeneza wavu. Akauliza ile ni ratiba ya nini, nikamweleza. Akaisoma kwa kuifuata na kidole chenye uzi.

"Hizo saa za maji kujaa, kaka. Na sasa hivi ni bamvua."

Nikamuuliza wiki ile ya majaribio, siku gani. Akahesabu mwezi. "Hiyo ilikuwa maji mafu."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Mawimbi ya redio yanayovuka bahari hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda juu ya maji. Maji yakipanda, safari ya lile linalodunda inabadilika, na ikifika kimo fulani mawimbi mawili yanapishana na kuuana. Hapa Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na kile kimo cha hatari hakifikiwi. Wafungaji walikuwa waaminifu na makini. Walipima kwa siku ambazo bahari ilikuwa imetulia, wakaandika mipangilio ya bahari iliyotulia.

Tiba ilikuwa na sehemu mbili. Juu ya mlingoti tuliongeza antena ya pili kwa kimo tofauti, ili wimbi likiuawa kwenye moja libaki kwenye nyingine. Ndani ya ruta tuliweka kipimo cha kuangalia ubora wa njia, pakiti ngapi zinapotea, badala ya kuridhika kwamba jirani ameitikia. Zikizidi kiwango, gharama ya redio inapanda na data inahamia kwenye laini ya akiba hadi hali itulie. Kisha nikamwomba mwenye kampuni asitulipe hadi bamvua inayofuata ipite. Alikubali kwa furaha, na ikapita. Sijawahi tena kukubali kazi ya redio ya kuvuka maji bila kuuliza tarehe ya mwezi, na ninapofundisha vijana huwapeleka Feri kabla ya kuwafungulia kompyuta. Wanaojua bahari wako pale kila asubuhi, na hawatozi ada.

Barabara ya Kilwa ilinipa somo la mwisho ninalotaka kulitaja, nalo ni fupi. Kampuni moja ya mizigo maeneo ya Kurasini ililipia watoa huduma wawili wa mkongo, ankara mbili, nembo mbili, ruta mbili. Usanidi ulikuwa mzuri. Niliukagua mwenyewe mstari kwa mstari. Barabara ilipochimbwa kwa awamu ya pili ya mwendokasi, kijiko kiling'oa waya karibu na Bendera Tatu na laini zote mbili zikafa dakika hiyo hiyo. Zilikuwa zinapita mtaro mmoja. Ruta ilifanya ilivyopaswa: iliona njia ya kwanza imekufa, ikageukia ya pili, ya pili nayo haipo. Uelekezaji unahesabu kwa ramani inayopewa, na mtaro hauandikwi popote kwenye ramani ya OSPF. Anayeweza kuujua ni mtu aliyetembea kwa miguu kutoka mlangoni kwa mteja, akitazama mifuniko ya mashimo na kuuliza maswali.

Ndiyo maana lile swali la wakala wa forodha, Mei 2024, halikunipa shida kulielewa, ila liliniuma. Karibu miaka kumi na tano ilikuwa imepita tangu Seacom ianze kazi hapa, Julai 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Mikongo ile ilitutoa kwenye madishi, ikashusha bei, ikaifanya Kariakoo iagize mzigo kwa simu ya mkononi. Pamoja na neema hiyo ikatusahaulisha jambo ambalo umaskini wa setilaiti ulitulazimisha kulifikiria, kwamba mawasiliano ya Dar kwa Dar yabaki Dar. Kasi ikawa kubwa kiasi kwamba safari ya kwenda Ulaya na kurudi haihisiwi. Ofisi nyingi za mjini leo, zenye uwezo na mafundi wazuri, zimepangwa kama duka lile la Msimbazi na ndugu yake wa Samora.

Tulianza kazi siku ile ile. Ofisi ya Sokoine Drive ina fundi kijana, dada mmoja makini aliyesomea chuo hapa hapa mjini, na nilimwachia kibodi. Kwanza alichora, na mchoro ulipofika Ulaya aliweka kalamu chini akanitazama.

"Mzee, yaani tulikuwa tunapita huku?"

Tuliwauliza watoa huduma wote wawili kama wanakutana TIX. Wanakutana. Kwa hiyo njia iliyosimbwa baina ya ofisi mbili ikajengwa moja kwa moja, anwani ya Gerezani kwa anwani ya Sokoine Drive, bila seva ya ng'ambo katikati, na kwa siku zote zilizobaki za matengenezo ya mkongo hati zao zikawa zinapita ndani ya jiji. Wiki iliyofuata tukaongeza redio ndogo ya paa kwa paa kama njia ya pili, baada ya kuhakikisha hakuna jengo linalopanda katikati, jambo ambalo Gerezani ni la kukaguliwa kila mwaka. Vitambulisho, poti zilizonyamazishwa, manenosiri, kisha OSPF. Gharama tuliziandika kwa mkono. Kwenye ruta nyingi hesabu ya kawaida hugawa megabiti 100 kwa kasi ya poti, na chochote kuanzia megabiti 100 kwenda juu hupewa gharama ya moja. Mkongo wa gigabiti na redio dhaifu vinaonekana sawa, na nusu ya kazi inatupwa kwenye redio.

Jaribio tulilifanya saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakala mwenyewe akiwa amesimama hapo kwa sababu nilisisitiza awepo. Dada alianza kushusha faili kubwa la manifesti kutoka Gerezani, akachomoa kebo ya mkongo. Faili likasita. Hesabu ya njia ikapita, likaendelea kushuka kupitia redio. Akachomeka tena, akasubiri, akachomoa upande wa Gerezani kwa kumpigia simu mwenzake wa huko. Wakala aliuliza kama lazima kuchomoa kitu kinachofanya kazi. Nikamwambia ndiyo, na kwamba afadhali tuchomoe sisi leo tukiwa wote hapa.

Limebaki jambo moja. Tumewaandikia watoa huduma wote wawili barua fupi yenye maswali: waya wenu kutoka geti la bandari hadi kituo chenu unapita mtaa gani, upande gani wa barabara, na ni mtaro wenu au mmeukodi? Mmoja alijibu, akatuma na mchoro. Wa pili alisema habari hizo ni za ndani ya kampuni. Dada amemwandikia tena, na mkataba wao unaisha Desemba.